"Haiwaki": Uchunguzi wa Tarakilishi Kuukuu Inayogoma kwa Vipindi, kwa Mfano wa Mtaa wa Chaani, Mombasa

Utangulizi

Waswahili husema kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii, ambayo kila mwanafunzi wa fasihi simulizi ameizoea tangu shule ya msingi, inaafiki kazi ya fundi kuliko wengi wanavyodhani. Fundi hakioni kiini cha hitilafu moja kwa moja. Huziona dalili zake, naye hutakiwa azisome kabla ya kushika bisibisi. Ugumu huzidi pale dalili zenyewe zinapokuja na kutoweka. Tarakilishi iliyokufa kabisa huwa rahisi kuichunguza, kwa kuwa kila kipimo hutoa jibu lile lile. Ile inayowaka leo, ikagoma kesho, kisha ikaamka bila matata mara tu inapofikishwa mbele ya fundi, ndiyo huwapotezea watu fedha, muda na imani.

Makala haya yanafafanua jinsi hitilafu ya aina hiyo inavyoweza kuchunguzwa kwa utaratibu. Mazingira yanayorejelewa ni Chaani, mtaa wa Changamwe ulio upande wa bara wa Mombasa, si mbali na bandari ya Kilindini. Hoja inayotetewa ni moja: hitilafu ya vipindi haitokei kiholela. Ina sharti lake, na sharti hilo hugunduliwa kwanza kwa maneno sahihi na kumbukumbu iliyoandikwa, ndipo vifaa vifuate.

Tarakilishi kuukuu, kwa madhumuni ya makala haya, ni mashine ya mezani iliyoundwa kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 hadi kadiri ya mwaka 2005. Si kila anayeitunza mashine kama hiyo ni mpenda ukale. Mwenye duka la kupiga chapa huweza kuwa na katiba za vikundi vya akina mama, mitihani ya shule jirani na barua za vijana wanaoomba kazi, vyote vikiwa vimehifadhiwa katika diski moja ya zamani. Mashine inapogoma, si chuma tu kilicholala. Kazi ya miaka mingi imefungiwa ndani, na aliyeifungia hajulikani.

Neno Moja, Maradhi Manne

Mteja anapomfikia fundi, neno lake la kwanza huwa "haiwaki". Neno hili ni fupi, lakini limebeba angalau hali nne zilizo mbalimbali, na kila hali ina njia yake ya uchunguzi.

Hali ya kwanza ni ya mashine isiyoonyesha uhai wowote: feni haizunguki, taa haiwaki, wala hakuna sauti. Hapa shaka huanzia kwenye soketi, waya, swichi na kisanduku cha umeme kilicho nyuma ya mashine. Hali ya pili ni ya mashine ambayo feni yake inazunguka na taa inawaka, ila kioo kimebaki giza. Hapa umeme umefika, lakini ubao mkuu haujaanza kufikiri. Hali ya tatu ni ya mashine inayoonyesha maandishi ya mwanzo kisha ikasimama, au ikalalamika kwamba haioni diski. Hali ya nne ni ya mashine inayoanza kupakia mfumo endeshi, kisha ikajizima au kujiwasha upya.

Anayeziita hali hizi zote "haiwaki" ni sawa na mgonjwa anayemwambia daktari "naumwa" kisha akanyamaza. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilionyesha kwamba maneno ya kwenye kioo yanaweza kusemwa kwa lugha hii. Hata hivyo, maneno ya ndani ya kasha, yaani ya dalili na ya hitilafu, hayakaliwi na watafsiri. Hayo huundwa mezani kwa fundi, baina yake na mteja wake, na usahihi wake huamua iwapo mteja atanunua kifaa anachokihitaji au asichokihitaji.

Safari ya Umeme Mashine Inapowashwa

Ili dalili zieleweke, ni sharti hatua za kuamka kwa tarakilishi zijulikane. Umeme wa Kenya hufika kwenye soketi ukiwa na nguvu ya volti 240. Kisanduku cha umeme huushusha na kuugeuza kuwa mkondo mnyoofu wa volti 12, volti 5 na, katika mashine zilizofuata mtindo wa ATX ulioanzishwa na kampuni ya Intel mwaka 1995, volti 3.3 pia. Kisanduku hicho hakiuachi ubao mkuu uanze kazi papo hapo. Husubiri muda mfupi sana, takriban kati ya sehemu moja na sehemu tano za kumi za sekunde, hadi volti zote zitulie. Kisha hupeleka ishara ya kwamba umeme ni mzuri. Ishara hiyo isipofika, au ikifika kabla ya wakati wake, kichakataji hubaki kimelala huku feni zikizunguka.

Baada ya ishara hiyo, programu ndogo iliyohifadhiwa katika ubao mkuu, iitwayo bayosi, huanza kujikagua. Hukagua kichakataji, kumbukumbu ya muda ambayo mafundi huiita ramu, kadi ya picha, kibodi na diski. Ikikuta kasoro kabla kioo hakijawaka, hupiga milio. Idadi na urefu wa milio hiyo ni lugha kamili, ingawa kila mtengenezaji wa bayosi ana lahaja yake. Ukaguzi ukipita salama, bayosi huikabidhi kazi diski kuu, nayo diski huupakia mfumo endeshi. Kwa hiyo mahali ambapo mashine imesimamia ni ushahidi: vyote vilivyotangulia vimefanya kazi, na kasoro imo katika hatua hiyo au katika kile ambacho hatua hiyo inakitegemea.

Masharti Yanayoifanya Mashine Igome

Sharti la kwanza ni umeme wenyewe. Jokofu, pampu au mashine ya kulehemu ya jirani inapoanza kufanya kazi, volti za nyumba nzima huweza kushuka kwa kitambo. Tarakilishi changa huvumilia, kuukuu hugoma. Aidha, visanduku vingi vya zamani vina swichi ndogo nyuma, aghalabu nyekundu, ya kuchagua baina ya volti 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani, ambako umeme wa majumbani ni wa volti 120, huweza kufika ikiwa imewekwa kwenye 115. Ikichomekwa hivyo katika soketi ya Kenya, kisanduku huungua. Swichi hii hukaguliwa kabla ya jambo jingine lolote.

Sharti la pili ni baridi ya mashine iliyolala. Ndani ya kisanduku cha umeme na juu ya ubao mkuu mna kapasita, vijimtungi vidogo vyenye umajimaji ambavyo kazi yake ni kama ya pipa la maji nyumbani: huweka akiba ili mkondo usiyumbe wakati mahitaji yanapopanda ghafla. Umajimaji huo hukauka kadiri miaka inavyopita, na pipa huwa kana kwamba limepungua kina. Kapasita iliyochoka huwa dhaifu zaidi inapokuwa baridi. Ikipata joto, hujikongoja ikafanya kazi. Ndiyo maana mashine yenye maradhi haya hugoma mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ikaamka ya nne, na ikishaamka haisumbui tena siku nzima. Mashine nyingi zilizoundwa kati ya mwaka 1999 na 2007 hivi zilipata kapasita ambazo umajimaji wake ulikuwa na kasoro tangu kiwandani. Tatizo hilo lilienea kiasi kwamba mwaka 2005 kampuni ya Dell ya Marekani ilitangaza kutenga dola milioni 300 kwa ajili ya kurekebisha baadhi ya tarakilishi zake za ofisini za aina ya OptiPlex.

Sharti la tatu ni kinyume cha la pili, nalo ni joto. Vumbi likiziba feni, au ute unaopeleka joto kutoka kwenye kichakataji hadi kwenye bati lake la kupoza ukikauka, mashine huamka vizuri asubuhi kisha hujizima mchana. Kiungo cha risasi kilichopasuka nacho hufungua mwanya kinapopanuka kwa joto.

Sharti la nne ni mguso. Kadi za kumbukumbu na plagi za nyaya hutegemea kugusana kwa vipande vyembamba vya madini. Kupanda na kushuka kwa joto kila siku huvisogeza polepole, na kutu nyembamba hujijenga kati yake. Dalili yake ni kwamba mashine huamka baada ya kuhamishwa, kutikiswa au kufunguliwa. Watu husema "imepona yenyewe", ilhali kilichotendeka ni mguso kurudi kwa muda.

Sharti la tano ni betri ndogo ya ubao mkuu, ambayo kwa mashine nyingi ni kidonge cha volti 3. Hiyo ndiyo inayotunza saa na maelezo ya diski mashine inapokuwa haina umeme. Katika mashine za ATX, umeme mdogo huendelea kuingia maadamu waya umechomekwa, hata mashine ikiwa imezimwa. Kwa hivyo betri iliyokufa haijulikani mpaka umeme upotee mtaani, au mwenye duka azime swichi ya ukutani jioni. Dalili yake kuu ni tarehe kurudi nyuma miaka mingi. Katika mashine nyingi zilizoundwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990, betri huwa ni pipa dogo lililolehemewa kwenye ubao, nalo huvuja na kula njia za shaba. Hilo huondolewa hata kabla halijaleta matata.

Sharti la sita ni la pwani hasa. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na chumvi hukaa juu ya vumbi lililotanda ndani ya kasha. Chumvi ya kawaida huvuta maji hewani na kuyeyuka unyevu wa hewa unapopita asilimia 75 hivi. Mombasa, unyevu wa alfajiri huvuka kiwango hicho mara nyingi, kisha hushuka jua linapopanda. Maana yake ni kwamba tabaka lile lile la vumbi, lisilo na madhara saa nane mchana, huweza kuwa njia ya umeme saa moja asubuhi. Fundi aliyezoea maeneo makavu ya bara huenda asiliwazie jambo hili kabisa.

Mfano wa Duka la Kupiga Chapa

Mfano ufuatao wa kubuni utaonyesha jinsi masharti haya yanavyotenganishwa. Chukulia duka dogo Chaani, lenye tarakilishi moja kuukuu. Kwa miezi kadhaa imekuwa ikigoma asubuhi. Mwenye duka ameshauriwa anunue kadi mpya ya kumbukumbu, akanunua. Kisha akaambiwa tatizo ni swichi, akabadilisha. Mashine ingali inagoma. Mara ya tatu ameambiwa ubao umekufa na mashine nzima itupwe. Anamwita fundi mwingine.

"Shikamoo, mama. Mashine ina nini?"

"Marahaba, mwanangu. Haiwaki."

"Haiwaki kabisa, au feni yazunguka?"

"Feni yazunguka, taa nayo yawaka. Kioo ndicho giza tupu."

"Yapiga mlio wowote?"

"Haipigi. Nikiizima na kuiwasha mara ya tatu au ya nne, huamka kama haikuwa na neno."

"Na ikishaamka, ukiizima mchana ukaiwasha tena?"

"Mchana haina tabu. Shida yake ni asubuhi, na Jumatatu ndiyo mbaya zaidi."

Maswali manne yameondoa shaka nyingi. Hali ni ile ya pili: umeme umefika, ubao haujaanza kufikiri. Diski haihusiki, kwa kuwa mashine haijafika hatua ya kuitafuta. Joto halihusiki, kwa sababu mchana ndio wakati wake wa heri. Betri ya ubao haielekei kuhusika, maana tarehe haijarudi nyuma. Zimebaki shaka tatu zinazoafiki asubuhi: kisanduku cha umeme, chumvi yenye unyevu, na kapasita za ubao mkuu. Jumatatu mashine huwa imelala tangu Jumamosi, ikapoa na kunyonya unyevu kwa muda mrefu zaidi; ushahidi huo unaziunga mkono shaka zote tatu, hivyo hautoshi kuamua.

Jambo la kwanza analolifanya fundi si kufungua kasha. Anasubiri mashine iamke, kisha ananakili faili zote kwenye kifaa kingine. Siku inayowaka ndiyo siku ya kunakili, kwa kuwa hakuna ajuaye kama kutakuwa na siku nyingine kama hiyo. Baada ya hapo, hata ubao ukifa kweli, kilichopotea ni chuma.

La pili ni kuanzisha daftari. Kila asubuhi mwenye duka anaandika tarehe, saa, iwapo usiku ulinyesha, na idadi ya majaribio kabla mashine haijaamka. La tatu ni kubadilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Wiki ya kwanza fundi anaazima kisanduku cha umeme kilicho kizima na kukifunga. Daftari linaonyesha majaribio matatu, manne, matatu: hakuna mabadiliko, basi kisanduku hakina hatia, na cha awali kinarudishwa. Wiki ya pili anaondoa vumbi kwa brashi laini, anasafisha ubao kwa spiriti kavu na kuuacha ukauke vyema. Chumvi imeondoka, ila mgomo umebaki. Tena asubuhi iliyofuata mvua haikutofautiana na asubuhi kavu. Imebaki shaka moja. Karibu na kichakataji, kapasita mbili zina vichwa vilivyovimba, badala ya kuwa bapa kama vya wenzake. Zinang'olewa, na mpya zenye kipimo sawa zinalehemewa mahali pake. Wiki ya tatu daftari linaandika moja, moja, moja.

Pengine msomaji atauliza kwa nini kapasita zilizovimba hazikutazamwa tangu siku ya kwanza. Zilipaswa kutazamwa, na fundi makini hutazama. Lakini kuona kasoro si sawa na kuthibitisha kwamba hiyo ndiyo iliyoleta dalili. Mashine kuukuu huwa na kasoro nyingi kwa pamoja, na anayevibadilisha vyote kwa mkupuo hatajua kilichoponya, wala hataweza kumwambia mteja kwa uaminifu alicholipia.

Kanuni Zinazotokana na Mfano

Kwanza, dalili iandikwe kwa maneno ya kilichoonekana, si ya kilichodhaniwa. "Kioo giza, feni yazunguka, hakuna mlio" ni ushahidi. "Bodi imekufa" ni hukumu. Pili, data iokolewe kabla ya chuma. Tatu, ukaguzi uanze na visivyo na gharama: soketi, waya, swichi ya volti, plagi zilizolegea, kadi za kumbukumbu kuchomolewa, kufutwa na kurudishwa. Nne, mashine ipunguzwe hadi viungo vya lazima tu, kisha viongezwe kimoja kimoja. Tano, jambo moja libadilishwe kwa wakati mmoja. Sita, mashine isitangazwe kuwa imepona kwa sababu imewaka mara moja. Ikiwa ilikuwa ikigoma mara moja kwa wiki, wiki moja ya amani haijathibitisha lolote. Zahitajika wiki kadhaa.

Mita ya umeme nayo ina nafasi yake. Volti 5 huruhusiwa kuyumba kwa asilimia 5, yaani kati ya 4.75 na 5.25, na volti 12 kati ya 11.4 na 12.6. Hata hivyo, kipimo kichukuliwe mashine inapogoma, maana kipimo cha wakati wa afya hakifichui maradhi.

Tahadhari pia ni wajibu. Ndani ya kisanduku cha umeme mna kapasita kubwa zinazoweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na skrini za zamani za kioo kizito huhifadhi maelfu ya volti. Asiye na ujuzi wa vifaa hivyo asivifungue.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba tarakilishi inayogoma kwa vipindi haina pepo wala bahati mbaya. Inatii sharti fulani, liwe la umeme, baridi, joto, mguso, betri au hewa ya bahari, na sharti hilo hujitokeza kwa anayeuliza, anayeandika na anayesubiri. Vifaa vya kazi hii ni vichache, na vya kwanza kati yake, yaani swali sahihi, daftari na kalamu, vinapatikana Chaani kama kwingineko. Mwenye duka aliyezoea kusema "haiwaki" akijifunza kusema kilichotokea, saa ngapi na baada ya nini, atakuwa amefanya nusu ya kazi ya fundi, na itakuwa vigumu kwa yeyote kumuuzia kifaa asichokihitaji.